Maelezo ya Neno Bado

Kainuk nilitumwa mara tatu kwa mwezi mmoja, na pampu yenyewe iliharibika mara moja tu. Mara ya kwanza niliitengeneza, nikaripoti kwa simu kama inavyotakiwa, nikarudi Lodwar na grisi mpaka masikioni. Jumatatu iliyofuata orodha ikatoka: Akai, Kainuk. Nikaenda. Nikakuta maji yanatoka kama kawaida, akina mama wamepanga mitungi, wananitazama wakijiuliza nimesahau nini. Jumatatu nyingine, Kainuk tena! Safari hiyo askari wa rodibloku hakuniuliza hata kitambulisho. "Fundi," akasema, "si uhamie hapa tu, tukutafutie mume?" Nilimjibu neno ambalo mama yangu hangependa kulisikia.

Mimi ni fundi wa pampu za mkono, na subira si kitu nilichojaliwa. Wengine wamejaliwa sauti ya kuimba, mimi nimejaliwa spana na mdomo. Ofisini kwetu Lodwar tuko mafundi watano, na hakuna anayetoka bila orodha. Orodha hutolewa kila Jumatatu asubuhi na programu ya kompyuta inayoitwa MajiWapi. Hiyo ndiyo inayojua kisima kipi ni kizima, kipi kimeharibika, na nani aende wapi. Jina la kisima likiwa kwenye orodha, unapewa mafuta ya pikipiki, na Aregae wa stoo anakupa spea. Likikosekana, Aregae hafungui hata dirisha. Ungekuja kwake mkono wako umenaswa ndani ya pampu, angeuliza kwanza kama huo mkono uko kwa orodha.

Sasa, wakati mimi nazurura Kainuk kusalimiana na askari, kisima cha Kanakipi kilikuwa kimekufa. Kanakipi ni kwetu. Ni maboma machache nje ya barabara ya Kakuma, na mama yangu, Nakuleu, anaishi hapo na mbuzi wake. Silinda ya pampu ilipasuka, nikaripoti mwenyewe siku hiyo hiyo, na wiki nne zikapita bila Kanakipi kutajwa. Watu wakarudi kuchimba mchanga wa laga, ule mto mkavu, kutafuta maji. Kila siku maji yanashuka, kila siku shimo linaongezwa, mpaka likafika kimo cha watu watatu. Shimo kama hilo haliingii mtu mnene. Anashushwa kwa kamba mtu mwepesi, anachota kwa kikombe, anajaza mtungi, wa juu wanavuta. Na Kanakipi nzima, mwepesi kuliko wote ni mama yangu, mwenye miaka sitini na kitu.

Mchanga wa laga hauna adabu. Ukiamua kuanguka haupigi hodi.

"Jana ulianguka kidogo," mama aliniambia kwa simu, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mbuzi aliyekohoa.

"Kidogo namna gani?"

"Mpaka hapa."

"Hapa wapi, mama? Mimi sikuoni!"

"Kifuani."

Nilikata simu nikaenda moja kwa moja kwa bosi wetu, Aukot, bila kubisha. Aukot ni mtu mpole, haibi, hatukani, na anaiamini skrini kuliko macho yake mwenyewe. Akafungua MajiWapi, akaitafuta Kanakipi, akageuza kompyuta nione.

"Kijani," akasema. "Kijani ni kizima."

"Mama yangu amefukiwa mpaka kifuani akitafuta maji ya kisima kizima?"

"Akai, haraka haraka haina baraka. Hii programu si yetu peke yetu. Ni programu huria. Watu wa dunia nzima wanaiandika kwa kujitolea, kila mtu anaweza kuisoma na kuirekebisha. Hatuwezi kuamka tu tukasema imekosea."

"Kama kila mtu anaweza kuirekebisha, mbona hakuna anayeirekebisha?"

Hapo uso wa Aukot ukang'aa. Akafungua droo akatoa barua. Watu wa hiyo programu, akasema, wako Kakuma wiki hii, wana warsha. Wameomba ofisi itume mwakilishi wa watumiaji. Kesho Ijumaa ndiyo siku ya mwisho.

"Warsha ya nini?"

"Kuboresha maelezo ya kodi."

Nilicheka kwa hasira. Mimi nalilia maji, wao wananiita kwa mambo ya ushuru! Ikabidi Aukot anieleze kwamba kodi ya watu wa kompyuta haina uhusiano na serikali. Ni yale maandishi ambayo kompyuta inayasoma ili ijue la kufanya. Na maelezo ni maneno yanayoandikwa pembeni ya kodi, ambayo kompyuta haiyasomi kabisa. Yameandikwa kwa ajili ya binadamu, ili atakayekuja kesho aelewe aliyekuja jana alikuwa anafikiria nini. Nikasema sawa, hilo ni jambo la maana. Akanisainia mafuta. Ya kwenda kwenye pampu ya mama yangu hayakuwepo, ya kwenda warshani yalikuwepo, na fulana juu.

Kesho yake asubuhi nilifika Kakuma. Mlinzi wa ukumbi alinishika langoni.

"Jina yako iko kwa list?"

Mimi na orodha! Nikamwambia niko, kama mwakilishi wa watumiaji, akatafuta, akaniona, akafurahi kuliko mimi. Ndani kulikuwa na vijana kama arobaini: Wasomali, Wakongo, Wasudani Kusini, na wa kwetu wachache, kila mmoja na kompyuta yake, vidole vinaruka. Ukutani kulikuwa na bango: WIKI YA MAELEZO. Chini ya bango kulikuwa na ubao mkubwa wenye majina na namba. Wa kwanza alikuwa Hanad, maelezo elfu moja mia moja na arobaini. Wa pili alikuwa na mia tisa.

Aliyeendesha warsha alikuwa Morgan, kutoka Nairobi, kijana nadhifu wa viatu vyeupe ambavyo Kakuma ilikuwa imeshaanza kuvifundisha adabu. Alinikaribisha kwa furaha ya kweli. Akaniambia kwamba programu nyingi huria hufa kwa sababu hazina maelezo, na kwamba wao wameamua MajiWapi isife. Shirika lililowafadhili linapima kazi kwa idadi, kwa hiyo nao wanahesabu. Mwenye maelezo mengi atapata cheti.

"Hebu nione hayo maelezo," nikasema.

Hanad akaitwa. Mrefu, mpole, miwani, macho mekundu kwa kazi. Akanigeuzia skrini kwa fahari, akaanza kunisomea, akinitafsiria kodi kwa Kiswahili. Palipoandikwa kwamba jumla iongezwe moja, juu yake kulikuwa na maelezo: "Hapa tunaongeza moja kwenye jumla." Mtu mwingine alikuja baadaye akaboresha: "Hapa tunaongeza moja (1) kwenye jumla iliyopo." Wa tatu akaboresha zaidi: "Tafadhali zingatia kwamba hapa tunaongeza moja (1) kwenye jumla iliyopo." Palipofunguliwa mabano pameandikwa, "Mabano yanafunguliwa." Palipofungwa, "Mabano yanafungwa." Kulikuwa na mstari mtupu, hauna herufi hata moja, na juu yake maelezo: "Mstari huu ni mtupu."

"Sasa umeandika juu yake," nikamwambia, "si mtupu tena."

Hanad akautazama kwa muda mrefu. "Walahi," akasema.

Kuna maelezo ya mstari mmoja tu niliyoyapenda. Mtu fulani zamani alikuwa ameandika: "Sijui hii inafanya nini. Usiiguse." Huyo alikuwa mtu mkweli. Lakini Morgan akasema hayo yatafutwa leo jioni, hayana staha.

Nikasimama katikati ya ukumbi, bila kuombwa, nikasema kwa sauti ninayotumia kuwaita watu wa upande wa pili wa laga:

"Mimi ni Akai, fundi wa pampu, Lodwar. Kisima cha Kanakipi kimekufa mwezi mzima, na hiyo programu yenu inasema ni kizima. Kisima cha Kainuk ni kizima, na kila Jumatatu inanituma nikakitengeneze. Mna maelfu ya maelezo humu. Ni yapi yanaeleza hilo?"

Msichana mmoja wa Kisomali nyuma kabisa, aliyekuwa hajasema lolote, akainua kompyuta yake akaja kukaa karibu nami. Jina lake Sabrin. Alizaliwa hapo hapo kambini Kakuma, na kumbe ubaoni alikuwa wa mwisho: maelezo manne kwa wiki nzima.

"Mimi husoma kwanza, dada," aliniambia, kama anayejitetea. "Nachelewa."

Programu huria ina uzuri huu mmoja, kila kilichobadilishwa kinabaki na tarehe na jina la aliyebadilisha. Sabrin akarudi nyuma, mwezi hadi mwezi, mpaka mwanzo kabisa, kwa mtu aliyeiandika MajiWapi mara ya kwanza. Nikaliona jina nikapiga kofi. Ekeno! Ekeno alikuwa ofisini kwetu kabla hajahamia Kitale. Tulikuwa tunampigia simu tukiwa porini, na yeye anaandika.

"Kwa kila kisima," Sabrin akasema, "huyu Ekeno aliweka neno moja. Neno lenyewe ni bado. Jibu lake ni ndiyo au hapana. Hakuandika maelezo yoyote."

"Hakuhitaji," nikasema. "Tukiripoti kisima kimeharibika, Ekeno alikuwa anasema, 'Hicho bado.' Bado kutengenezwa. Tukishatengeneza, anafuta bado. Sisi sote tulijua."

Sabrin akafumba macho kidogo. "Basi ngoja nikuonyeshe," akasema.

Miezi mitatu nyuma mtu wa kujitolea, wa nchi ya mbali, mtu mwema tu asiyejua Kiswahili, aliona neno halina maelezo. Akafungua kamusi. Kamusi haikumdanganya, maana bado ina sura mbili: ukiniuliza kama nimekula nikajibu bado, sijala, na ukisema mvua bado inanyesha, inanyesha. Yeye akachukua ile ya pili. Akaandika pembeni, kwa nia njema kabisa: "Bado: kisima bado kinafanya kazi." Mwezi uliopita mtu mwingine wa kujitolea akapita hapo, akaona maelezo yanasema hivi na kodi inafanya vile. Akaamua kodi ndiyo imekosea. Akaigeuza ifuate maelezo. Akashukuriwa na watu kumi na mmoja, na mmoja wao alimwekea picha ya keki.

Tangu siku hiyo kisima kikifa, programu inakihesabu kizima. Ukikitengeneza, inakihesabu kimekufa, inakutuma tena. Ndiyo maana Kainuk. Ndiyo maana Kanakipi.

"Kwa hiyo neno moja!" nikasema. "Mmeandika kwamba mabano yanafunguliwa, mmeandika kwamba mabano yanafungwa, na hakuna hata mmoja aliyechukua simu akamuuliza Ekeno alimaanisha nini! Mtu akisoma 'ongeza moja' anaona mwenyewe kwamba ni moja. Asichokiona ni kwa nini. Andikeni kwa nini, jamani! Kama hamjui kwa nini, ulizeni. Kama hakuna wa kumuuliza, andikeni hamjui. Mama yangu anashushwa shimoni kwa kamba kwa sababu ya mtu aliyeona aibu kuuliza."

Morgan akawa wa kwanza kupiga makofi. "Tumpigieni dada makofi ya kilo!" Wakapiga. Akaandika kwenye karatasi kubwa, ANDIKA KWA NINI, akaibandika ukutani, akaipiga picha, akanipiga na mimi picha nikiwa nimesimama karibu nayo nimenuna.

"Vizuri," nikasema. "Sasa rekebisheni."

Morgan akakohoa. Hii ni Wiki ya Maelezo, akasema. Ili watu wasiharibu kitu, kodi imefungwa. Mtu anaruhusiwa kugusa maelezo peke yake. Sabrin anaweza kuandika leo hii maana sahihi ya bado, lakini kodi yenyewe itabaki ilivyo mpaka watunzaji wa programu, walioko ng'ambo, wakae, wasome, wajadiliane. Labda wiki tatu.

"Yaani mtaandika pembeni kwamba mnaua watu, halafu mtaendelea?"

"Angalau itakuwa imeelezwa," Morgan akasema, na maskini, hakuwa anatania.

Sabrin alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki, akachukua namba yangu, akaniambia atawasumbua hao watunzaji mpaka wamchoke. Nikamwambia asante, lakini moyoni sikumhesabu. Nimesikia ahadi nyingi za maofisini, nyingi kuliko mbuzi wa mama yangu.

Wakati wa kurudi nilipinda njia nikaingia Kanakipi. Mama hakuwa nyumbani. Nikateremka lagani, nikakuta wanawake wanne wameshika kamba. Nikachungulia shimoni. Kule chini, mbali, nikaona kichwa cha mama, nywele zimejaa mchanga, na mkono unachota kikombe, unamimina, unachota.

"Ejok, Akai," akanisalimia kutoka chini, bila kuinua uso. "Usisimame ukingoni. Utaniangushia."

Nikarudi nyuma kama niliyepigwa. Nikakaa kwenye mchanga nikafikiri, na hasira ikinipanda mimi hufikiri haraka mno. Hii programu inaona kila kitu kinyume. Ukiiambia kisima kimekufa, haikutumi. Ukiiambia umekitengeneza, Jumatatu inakutuma na spea mkononi. Basi niiambie nimekitengeneza. Wiki tatu za watunzaji zipite zisipite, Jumatatu mimi niko hapa na silinda mpya. Nikatoa simu. Kanakipi. Fundi: Akai. Hali: imetengenezwa. Nikabonyeza. Sikuona aibu hata kidogo, nilijiona mjanja.

Mama alipovutwa juu nikamwambia, "Jumatatu nakuja na silinda."

"Jumatatu," akasema, akikung'uta mchanga masikioni. Alifurahi, na mimi nikafurahi.

Jumatatu asubuhi nilifika ofisini kabla ya wote. Orodha ilikuwa imeshabandikwa na mafundi wenzangu wameizunguka, wanacheka, wanapigana mabega. Kwa mara ya kwanza baada ya mwezi, kila jina lililokuwepo lilikuwa la kisima kilichokufa kweli. Lokitaung vitatu, vyote vimekufa. Kainuk haikuwepo kabisa. Aukot alikuwa amesimama hapo akitabasamu kama baba wa harusi.

Nikaisoma kutoka juu mpaka chini. Nikaisoma kutoka chini mpaka juu. Kanakipi haikuwepo.

Simu yangu ililia wakati huo huo, ujumbe kutoka kwa Sabrin: "Dada Akai, niliwaandikia watunzaji Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, mpaka nikawatumia picha ya laga. Wamekubali! Wameifungua kodi bila kungoja wiki tatu, wameirekebisha jana. Sasa bado ni bado. Nenda ukamsaidie mama."

Nilisoma ule ujumbe mpaka mwisho, nikaelewa. Programu ilikuwa imepona. Sasa ilikuwa inaamini kila ninachoiambia, na mimi nilikuwa nimeiambia kwamba kisima cha mama yangu ni kizima. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kwamba anaweza kumtanguliza mama yake. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya stoo, nikalia.

Nikajaribu kuripoti upya kwamba Kanakipi kimeharibika. Simu ikakataa: kisima hiki kimetengenezwa siku tatu zilizopita, subiri zitimie saba. Nikampigia Sabrin.

"Hii ya siku saba imetoka wapi?"

"Ilikuwepo tangu zamani," akasema. "Ila haikuwa na maelezo. Hanad ameyaandika Jumamosi. Unajua ulimgusa sana, dada? Amefuta yake yote, elfu moja na zaidi, akaanza upya. Alimpigia Ekeno akamuuliza kwa nini siku saba. Nikusomee?"

"Nisomee."

"'Siku saba, kwa sababu wako mafundi wanaoripoti kazi ambayo hawakuifanya. Wakiweza kuifuta kesho yake, hatutajua kamwe ni kisima kipi kina maji.' Ni nzuri, sivyo? Inasema kwa nini."

"Ni nzuri," nikasema. Ilikuwa nzuri kweli, na ilikuwa inanizungumzia mimi.

Nilikwenda kwa Aukot nikamwambia yote. Sikumficha hata kile nilichofikiria lagani. Alinisikiliza, kisha akatoa fomu ya kusahihisha rekodi. Fomu hiyo ina ukurasa mzima wa namba na tarehe, na mwisho kuna sehemu imeandikwa SABABU. Akaiweka mezani lakini kalamu akabaki nayo.

"Kuna njia tatu," akasema. "Ya kwanza, usiandike chochote. Zimebaki siku nne. Alhamisi ikipita, Ijumaa utaripoti, kisima kitaingia orodha ya Jumatatu ijayo, hakuna atakayejua. Ya pili, andika hitilafu ya mtandao, kama wenzako wote wanavyoandika. Lakini hiyo wataalamu lazima waichunguze, siku kumi. Ya tatu, andika ukweli, na mimi nafungua stoo leo hii. Ila ukweli siwezi kuuweka kwenye droo, Akai. Nitaupeleka juu, na unajua watafanya nini."

Nilijua. Kazi hii niliitafuta miaka sita. Mimi ni mwanamke wa kwanza kwa ofisi hiyo kushika spana, na wako watu waliosubiri siku nitakapokosea ili waseme waliona mapema. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa ya siku tatu tu. Wiki nzima ya kungoja! Kwa mtu wa ofisini, wiki ni kidogo. Nikahesabu kwa hesabu ya Kanakipi. Anashuka asubuhi, anashuka jioni.

"Lete kalamu," nikasema.

Niliandika hivi: "Mimi, Akai, niliripoti Ijumaa kwamba nimetengeneza pampu ya Kanakipi. Sikuitengeneza. Nilidanganya ili kisima kiingie kwenye orodha, kwa sababu mama yangu anashushwa kwa kamba kwenye shimo la mchanga kuchota maji. Pampu inahitaji silinda moja na mipira minne." Nikatia sahihi.

Aregae wa stoo aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari. Kisha akafungua mlango, si dirisha, mlango wenyewe.

"Tangu niajiriwe," akasema, "hii ndiyo fomu ya kwanza nimeielewa." Akanibebea silinda mpaka kwenye pikipiki, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu. Aukot naye, akitoka kwa wakubwa wa juu, akanipa bahasha iliyofungwa. Akaniomba niifungue nikishamaliza kazi.

Kanakipi nilifanya kazi mchana kutwa. Tulivuta mabomba, tukabadilisha silinda, tukayarudisha, wanawake wote wakisaidia, na mama akitoa amri kana kwamba yeye ndiye aliyesomea ufundi. Maji yalipotoka yalikuwa mekundu kwanza, kisha meupe. Watu wakashangilia. Watatu kati yao wakachukua makarai wakaenda kulifukia lile shimo.

Hapo ndipo nilipofungua bahasha. Barua ilikuwa ya Kiingereza, aya sita. Mama hasomi, lakini anausoma uso wangu tangu nizaliwe.

"Inasema nini?"

"Inasema nimesimamishwa kazi. Labda nisirudi tena."

"Kwa nini?"

"Inasema nilidanganya."

"Nani aliwaambia?"

"Mimi."

Akaitazama ile karatasi, upande wa maandishi, kisha upande usio na kitu. "Na ni kweli ulidanganya?"

Nilishindwa kumtazama. "Ni kweli, mama."

"Basi wameandika vizuri," akasema. Akanirudishia barua yangu, akasogeza mtungi chini ya bomba, akaushika mkono wa pampu.